Rangi Nyeupe Barabara ya Kakuma

Msijaze tairi upepo saa saba mchana. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa ninaloliona kila nikipita kwenye vibanda vyenu hapa Lodwar. Kijana anapiga pampu mpaka tairi inakuwa ngumu kama jiwe, anatia pesa yake mfukoni, mteja anatoka juani, na kabla hajafika darajani tunasikia mlio. Hewa inavimba kwa joto, na joto la hapa mnalijua. Ukitaka tairi ifike mwisho wa safari, iache na ulegevu kidogo, uibonyeze kwa kidole gumba na ibonyee. Jua litamalizia kazi yako. Mimi nilipasua tairi nyingi kabla ya kujua hivyo, na moja ilikuwa ya mhubiri aliyekuwa anaenda kufungisha ndoa ya watu.

Wengi wenu mnanijua kwa jina la kazi tu, Mama Spoku. Nilikuja huku kutoka Bungoma nikimfuata mume wangu, na yeye ndiye aliyekuwa fundi wa baiskeli. Alipofariki, wateja hawakuacha kuleta baiskeli. Nami nilikuwa nimekaa kando yake miaka mingi nikimshikia magurudumu, basi nikajikuta nimeshika spana. Watu walicheka kidogo, mwanamke na grisi mpaka kiwikoni, kisha wakachoka kucheka, maana miiba ya Turkana haichoki. Nilikuwa na kibanda changu Lodwar, na mara kwa mara nilipanda lori kwenda Kakuma, ambako nilikuwa na meza kwenye soko la kambi ya wakimbizi. Kule baiskeli zilikuwa nyingi na mafundi wachache.

Mume wangu, Mungu amlaze pema, ndiye aliyenifunza kutafuta pancha kwa kope. Fundi wa Bungoma anachovya tyubu ndani ya karai la maji na kungoja mapovu. Huku, hayo maji kuna mtoto anayataka. Kwa hiyo unajaza tyubu, unaipitisha taratibu karibu na jicho, na pale upepo mdogo utakapokugusa kope, hapo ndipo mwiba ulipopita. Siku yangu ya kwanza nilisahau kwamba mkono una solusheni, ile gundi ya viraka. Nilijipaka jichoni nikalia mpaka kazi ikafungwa, na mume wangu alikuwa ananipangusa kwa leso huku mabega yanamcheza kwa kicheko. Tangu siku hiyo mkono wa kushoto ni wa solusheni na wa kulia ni wa tyubu, na nyinyi mfanye vivyo hivyo.

Lakini leo sikuja kuwaeleza habari za pancha. Mmeniuliza kwa nini nikiona vijana wamevaa kofia za mazoezi, wamejipanga na baiskeli zao wakielekea barabara ya Kakuma, mimi nageuza uso. Nyinyi mnadhani ni uzee. Ni kwa sababu ya Bahati.

Bahati alikuwa kijana wa Kongo, upande wa Bukavu, aliyekuwa akiishi kambini na mama yake. Alikuja kwenye meza yangu Kakuma akiwa na baiskeli ambayo sikuwa nimeona mfano wake. Fremu aliachiwa na mzungu mmoja wa mashirika aliyerudi kwao, na vingine vyote alikuwa ameviokota kimoja kimoja. Usukani ulikuwa umekunjwa kama pembe za kondoo dume, tairi nyembamba mpaka nikamuuliza kama ni ya baiskeli au ya kigari cha mtoto.

"Mama, mnyororo inaruka," akasema. "Weye unaweza kuitengeneza?"

Nikamwambia hakuna mnyororo ulionishinda. Ulinishinda. Sikuwa nimewahi kugusa gia nyingi namna ile. Baiskeli zetu zilikuwa na gia moja, na mlima ukikushinda unashuka unasukuma. Yeye akachuchumaa, akanionyesha skrubu mbili ndogo, hii ya kuzuia mnyororo usitoke nje na hii ya kuuzuia usiingie kwenye spoku. Nililipwa kwa kazi aliyoifanya yeye. Nikamwambia hivyo, akacheka, na tukawa watu wa nyumba moja.

Kwao alikuwa amekimbia mashindano tangu akiwa mdogo. Siku za mashindano mama yake alikuwa sokoni anauza samaki, kwa hiyo hakuwahi kumwona hata mara moja. Alichojua huyo mama ni kwamba baiskeli ilimtoa mwanawe shuleni. Kakuma alikuwa anauza mandazi, na kila Bahati akitoka kufanya mazoezi asubuhi, mama alikuwa anasema watu wengine wanakimbia vita na mwanangu anakimbia hewa. Bahati alikuwa anacheka, lakini niliona neno hilo linamuuma.

Sasa, mwaka wa 2012, redio ikaanza kusema. Mashindano ya baiskeli ya watu wa kulipwa yangekuja nchini, yale yanayokimbiwa kwa siku nyingi, leo mji huu mpaka ule, kesho kutoka ule mpaka mwingine. Safari hii, redio ikasema, waandaaji wanataka kupanda kaskazini. Njia ingetangazwa baadaye. Na kila mji utakaopitiwa, vijana wa hapo wangepewa kipande chao cha kukimbia kabla ya wenyewe kufika, na timu moja ilikuwa imeahidi kuchukua atakayeonekana anafaa.

Mjue jambo moja kuhusu Bahati. Mkimbizi hatoki kambini anavyotaka. Lazima awe na kibali cha kusafiri, na kibali kina safari yake na mwisho wake. Vijana wasio wakimbizi wangepanda gari wakaifuata timu popote. Yeye mashindano yalipaswa kumfuata alipo. Njia ikipita Kakuma, yumo. Isipopita, hayumo. Ndiyo maana sisi wengine tulikuwa tunakisia njia kwa kujifurahisha, na yeye alikuwa anakisia akiwa amekaza taya.

Na kukisia tulikisia! Kibanda changu cha Lodwar kilikuwa bunge. Tulichora njia mchangani kwa spoku kuukuu, tunafuta, tunachora upya. Mwalimu mmoja wa kutoka Nyeri alishikilia kwamba wataishia Eliye Springs, kwa sababu wageni wanapenda ufuo na ziwa. Nikamuuliza kama ameshawahi kuendesha baiskeli kwenye mchanga ule, maana hata punda anaukataa. Mfanyabiashara aliyekuwa na duka Kaikor aliipeleka njia Kaikor. Mfugaji mmoja wa Lokiriama, aliyeleta mbuzi wake sokoni, alisema hao watu watatokea Uganda na watavukia kwao, kwa hiyo mbuzi bora wasiuzwe bado. Mimi niliipitisha mbele ya kibanda changu na nikawasimamisha wote wapate pancha pale pale. Hakuna aliyechora njia iliyompita mbali. Siku hizo lilikuwa jambo la kuchekesha.

Jirani yangu alikuwa mzee mmoja aliyelinda duka la pembeni, tukimwita Apa Ewoi, yaani baba Ewoi. Yeye alijua kusoma matumbo ya mbuzi, kama wazee wengi wa Kiturkana. Siku moja mwenye duka alichinja kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wake, na kabla nyama haijaenda motoni Apa Ewoi akatandaza utumbo juu ya ngozi, akaanza kuutazama. Mimi ni mtu wa kanisa. Nilisema sitaki kuyaona mambo hayo, kisha nikavuta stuli yangu karibu.

"Ejok, Apa," mwalimu akamwamkia. "Hebu tuambie, baiskeli zitapita wapi?"

Mzee akafuata utumbo kwa kidole bila kuugusa. "Barabara iko. Imetoka hapa ya Lodwar, imeenda hiyo ya Kakuma."

Tukapiga makofi.

"Baiskeli hakuna," akasema. "Mimi naona gari tu. Gari mingi, mkubwa."

"Ni gari za kufuata baiskeli, Apa!" mwalimu akamweleza. "Kila mkimbiaji ana gari lake nyuma, na maji, na fundi."

"Labda," mzee akasema, akatwaa kisu na kurudi kwenye nyama yake. Yeye hakubishana nasi hata kidogo. Nilipofika Kakuma nikamsimulia Bahati mambo ya matumbo, ile sehemu ya barabara nikaitia chumvi, na tukacheka.

Halafu rangi ikatokea. Asubuhi moja lori letu lilipokuwa linaacha Lodwar, niliona mishale myeupe juu ya lami, na namba kando yake, na mbele kidogo mishale mingine. Palipokuwa hapana lami, pale barabara inapokatwa na laga, ile mito ya mchanga mkavu, palikuwa na vigingi vimefungwa utepe mwekundu. Ilikwenda hivyo mpaka Kakuma. Abiria wote walikuwa wananyosha vidole. Nilishuka lori nikiwa na roho juu juu, nikaenda moja kwa moja kwa Bahati, nikamkuta ameshaiona.

"Mama, kwetu njo vile banafanya," akasema, na macho yake yalikuwa yanameta. "Mbele ya course, ya mashindano, banapaka rangi kwa njia. Mshale, na namba ya kilomita. Mi najua hii kitu. Minaikimbia juu yake toka mutoto."

Nani angembishia? Kati yetu sote ni yeye pekee aliyewahi kukimbia mashindano. Tuliochora mchangani tulikuwa tunabahatisha, yeye alikuwa anakumbuka. Kambi ilipokea maneno yake kama tangazo. Vijana walianza kufagia mchanga kwenye lami karibu na soko. Akina mama wa Kongo wakapanga nyimbo. Na mama yake, yule wa watu wengine wanakimbia vita, alikwenda kwa fundi cherehani akaomba gauni la kuvaa siku hiyo. Akawa anawaambia wateja wa mandazi kwamba mwanawe atapita hapa, na waje mapema kushika nafasi.

Wiki hizo hizo padri wa kambini akamletea Bahati kibali. Kulikuwa na kocha Eldoret anayetafuta vijana, na padri alikuwa amehangaika mpaka akapata ruhusa ya safari moja, kwenda na kurudi, pamoja na nafasi kwenye gari lake. Lakini siku za kocha ziligongana na siku ambazo watu walisema mashindano yangepita. Nilimwambia aende. Nataka mlijue hilo, si kwa kujisafisha, ila kwa sababu nililisema kwa sauti mpaka majirani wa soko wakageuka.

"Nenda Eldoret! Kocha anayekungoja ni bora kuliko mshale."

"Mama, njia inakuya mpaka mlangoni, na weye unaniambia nitoroke?" Akatazama upande wa mama yake. "Huyu hajanionaka hata siku moja. Hata moja. Eldoret atanionea wapi?"

Nikaacha kubishana. Ningekuwa na mtoto anayetaka nimwone namna ile, sijui kama ningemfukuza.

Nikarudi Lodwar. Siku chache baadaye akaja mwanamume mmoja aliyevaa fulana ya kung'aa, amebeba kitu ambacho nilidhani ni mchezo wa mtoto: gurudumu moja, na mpini mrefu, na kijisaa kidogo kilichofungwa kando. Mwiba ulikuwa umeingia kwenye mpira. Aliniambia ni gurudumu la kupimia urefu wa barabara, unatembea nalo linahesabu. Nikapitisha tyubu kwenye kope kama kawaida, nikapata tundu, na nikiwa nakwaruza mpira nikamuuliza ni lini baiskeli zinafika.

"Baiskeli gani?"

"Za mashindano. Si ndiyo nyinyi mnaopaka mishale?"

Akacheka vizuri tu, hakuwa mtu mbaya. "Mama, sisi tunapima barabara. Wanataka kujua wapi ni pabovu, wapi pa kujenga daraja. Mafuta yaliyogunduliwa huku Turkana yakianza kutoka, magari makubwa yatapita hapa."

Nilipaka solusheni, nikabandika kiraka, nikangoja kikauke, yote bila kuinua uso. Apa Ewoi alikuwa amekaa pale pale kivulini na alisikia kila neno. Nilijaribu simu ya Bahati ikawa imezimwa. Nikafunga kibanda nikapanda lori la kwanza lililokubali kunibeba. Nilijua kibali bado kina uhai na gari la padri halijaondoka.

Nilimkuta anasafisha mnyororo nyuma ya nyumba yao. Nikamweleza yote: yule mtu, gurudumu lake, magari ya mafuta. Alikuwa ameshika kitambaa, na nilipomaliza aliendelea kufuta pale pale palipokwisha kuwa safi.

"Sema polepole, Mama," akaninong'oneza.

Mbele ya nyumba mama yake alikuwa anawaonyesha majirani gauni. Lilikuwa la kitenge cha manjano, limekuja siku ile ile.

"Kesho asubuhi gari ya padri inaondoka," nikamwambia. "Panda."

"Na hawa nitabaambia nini?"

"Waambie ukweli."

"Ukweli gani? Labda ni bote mbili. Labda rangi ni ya mafuta na baiskeli zinapita juu yake vilevile. Radio haijasema hapana."

"Haijasema ndiyo pia, mwanangu!"

Nilikasirika. Nikamwambia kama haendi, mimi sitamgusia tena hilo gurudumu lake la nyuma, ambalo lilikuwa limepinda kidogo. Akajibu kwa upole kwamba basi atakimbia nalo hivyo hivyo. Nikakaa chini nikalinyoosha, spoku baada ya spoku, mpaka likazunguka bila kutikisika. Asubuhi gari la padri likapita sokoni, likapiga honi, likangoja, likaondoka.

Njia ilipotangazwa, nilikuwepo Kakuma. Watu walijazana mbele ya duka lenye redio kubwa. Mtangazaji akaanza mji mmoja mmoja, kutoka kusini, akipanda. Kila akitaja jina, watu walisogea. Akafika Kitale, na mtu mmoja nyuma yangu akasema sasa tunakuja sisi. Baada ya Kitale akataja Eldoret, yaani njia ilikuwa imegeuka kurudi kusini. Kisha akasema walezi wa michezo wanaombwa wawaandae vijana wao, na ikaanza habari ya bei ya mahindi.

Mama yake Bahati alikuwa amevaa lile gauni. Alisubiri mpaka habari ya mahindi ikaisha. Ndipo akamgusa mwanawe mkono na kumuuliza kama Kakuma wataisoma jioni.

Sijui alimjibu nini, maana nilitoka. Nilikwenda nikasimama nyuma ya maduka nikalia, mimi niliyezika mume bila kupiga kelele. Niliwalilia wote wawili. Mtu anayekaa mbali na mambo lazima akisie, hana njia nyingine, na nisingewacheka tena waliochora mchangani. Kilichoniumiza ni kwamba dunia ilikuwa imepita karibu naye kweli, gari lenye nafasi moja, kwa honi na kwa jina lake, na yeye akawa anatazama upande ambako ilikuwa imechorwa kwa rangi.

Padri alijaribu kuomba kibali kingine. Yeye na Bahati waliambiwa wangoje, wakangoja. Kocha alikuwa ameshajaza nafasi zake. Mashindano yalikimbiwa huko kusini, na mimi sikuuliza nani alishinda. Rangi kwenye lami ilififia mapema 2013, watu wakiwa wameshaanza mambo ya uchaguzi na kaunti, na redio ikawa na mengine ya kusema.

Nilimwona Bahati tena miezi kadhaa baadaye. Alikuja kwenye meza yangu akisukuma ile baiskeli, akaniamkia vizuri, akaniuliza habari za Lodwar. Kisha akaniomba nitoe ule usukani wa pembe za kondoo nimtilie ulionyooka, na tairi nyembamba nizibadilishe kwa nene, na nyuma nimfungie keria ya chuma, ile pana ya kubebea magunia. Mama yake alikuwa anasumbuliwa na miguu. Kuna unga wa kuleta kutoka kwenye mgao, na kuni, na madebe ya maji, na watu wa jirani wangemlipa kidogo awabebee na wao.

"Uko na hakika?" nikamuuliza.

"Niko na hakika, Mama. Kaza vizuri. Itabeba bizito."

Kuna jambo moja nawaomba, nyinyi mnaokaa kwenye vibanda kama changu cha zamani. Kijana akikuletea baiskeli ya mbio umfungie keria, usikimbilie spana. Mpe stuli, mpe chai, muulize mara ya pili na ya tatu. Mimi niliuliza mara moja tu. Nikatoboa, nikapitisha bolti, nikakaza nati kwa nguvu zangu zote kama alivyotaka, nikaikalia ile keria mwenyewe kuijaribu. Haikutikisika hata kidogo. Katika miaka yangu yote ya ufundi, hiyo ndiyo kazi pekee niliyomwomba Mungu ilegee.